Geuza Jiwe Kwanza, Ndipo Ufunge Nzi



Kama shamba lako limefika mtoni, na mto huo unatoka katika misitu ya Nyandarua au ya Mlima Kenya, basi huenda unayo mali ambayo haikuhesabiwa siku wewe au baba yako alipoonyeshwa mipaka ya shamba. Siku ile zilihesabiwa ekari. Walihesabiwa ng'ombe, yakahesabiwa mashina ya pareto, na deni likahesabiwa pia, wala halikusahauliwa. Lakini samaki akaaye katika maji baridi pale chini ya shamba hakuhesabiwa. Samaki huyo ni trauti.

Wengi wetu tulilelewa tukimwita trauti samaki wa Wazungu. Jina hilo lina sababu yake. Mwaka 1905 Ewart Grogan, aliyekuwa setla, alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, nao wakatiwa katika mto Gura, huko Nyandarua. Kutoka hapo samaki hao, na baadaye trauti wa upinde wa mvua ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini, walienezwa katika mito mingine ya baridi: Chania, Thego, Sagana, Naro Moru, Nanyuki na mingineyo. Huko Kiganjo, karibu na Nyeri, pakajengwa mahali pa kuwazalisha ili mito isiishiwe. Miaka hiyo ufito wa kuvulia ulikuwa mkononi mwa setla, na Mwafrika mara nyingi alifika mtoni kwa kubeba kapu tu.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1962 ulianza ule mpango wa Ekari Milioni, na mashamba makubwa yakakatwa yakawa mengi. Masetla wengi wakaenda zao. Trauti hawakuenda. Wako pale pale, wakingoja kuona huyu mwenye shamba mpya atawatendea nini.

Maoni yangu ni haya. Kila nyumba iliyo kando ya mto wa trauti yafaa iwe na mtu mmoja, mzee au kijana, mvulana au msichana, ajuaye kufunga nzi wa bandia kwa mkono wake. Sisemi hivyo kwa ajili ya mchezo, ingawa mchezo si dhambi. Nasema hivyo kwa ajili ya mto. Maana mtu hawezi kumfunga nzi huyu vizuri mpaka ameujua mto wake, na akisha kuujua hatakubali uharibiwe.

NZI HUYU NI NINI?

Trauti hula wadudu. Watu wengi hufikiri kwamba huwala wale warukao juu ya maji tu, kwa kuwa ndio tunaowaona wakirukiwa jioni. Kweli yenyewe ni kwamba sehemu kubwa ya chakula chake iko chini, kati ya mawe. Wadudu wengi wa mtoni huishi maisha yao karibu yote ndani ya maji, wakiwa wachanga na bila mabawa ya kurukia. Siku yao ikifika hupanda juu, huvua ngozi, huruka, huzaa na kufa baada ya muda mfupi. Mvuvi anayeiga mdudu wa juu anamwalika samaki kwenye karamu ya saa moja. Mvuvi anayeiga mdudu mchanga wa chini anampa samaki chakula chake cha kila siku.

Huyo mdudu mchanga ndiye tutakayemfunga leo. Hatuna haja ya kuwa na manyoya ya rangi kumi. Tunahitaji ndoana, uzi, waya mwembamba, manyoya kidogo, na ushanga mmoja wa shaba ya njano. Ushanga hukaa kichwani. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni uzito, ili nzi azame upesi mpaka walipo samaki badala ya kuelea juu kama jani. Ya pili ni kung'aa kidogo, kiasi cha kumfanya samaki ageuke atazame.

GEUZA JIWE

Kabla ya kugusa uzi, nenda mtoni. Chagua mahali maji yanapopita mbio juu ya mawe, yasiyozidi magoti. Inama, inua jiwe lenye ukubwa wa ngumi mbili, uligeuze, ulitazame upande wa chini. Usifanye haraka. Mwanzoni utadhani hakuna kitu. Kisha jiwe litaanza kutembea.

Mto ukiwa mzima utaona wadudu bapa wenye mikia mitatu, wengine miwili, wakikimbilia kivulini. Utaona vijumba vidogo vilivyojengwa kwa mchanga au vipande vya majani, na ndani ya kila kijumba mna buu. Mdudu mmoja anaweza kuwa na rangi ya udongo, mwingine ya majani makavu, mwingine karibu mweusi. Mtie katika kikombe cheupe chenye maji, umpime kwa jicho: urefu wake, unene wake, rangi yake. Huyo ndiye mwalimu wako. Ukimaliza mrudishe, na jiwe ulirudishe kama lilivyokuwa, maana ni nyumba ya mtu.

Lakini je, ukigeuza mawe kumi na usimwone hata mmoja? Au ukaona utelezi, matope na vinyoo vyekundu tu? Basi acha habari za samaki kwanza. Umeletewa barua, nayo inakuambia kuwa mto wako ni mgonjwa.

Nimewahi kumsikia mkulima mmoja akilalamika barazani kwamba wageni wamemaliza samaki wake kwa nyavu usiku. Tukaenda naye mtoni. Tuligeuza mawe mengi na hatukupata mdudu. Hatua chache juu ya pale tulikuta ukingo umekanyagwa ukawa tope, na karibu nao makopo matupu ya dawa ya kupe, mahali alipokuwa akioshea pampu yake kila wiki. Hakuna wavu unaoweza kukamata wadudu wote chini ya mawe. Mzee yule alinyamaza, nami sikuona haja ya kuongeza neno.

MAMBO MATATU YANAYOUA MTO

La kwanza ni sumu. Dawa nyingi za kupe na za wadudu wa mboga ni kali sana kwa samaki na kwa wadudu wa majini. Hata pareto, ambayo twajivunia kwamba haimdhuru mtu sana, ni adui mkubwa wa samaki ikiingia majini. Jambo hili halina ajabu. Dawa iliyotengenezwa kumuua mdudu wa kabeji itamwachaje mdudu wa mtoni? Kwa hiyo usioshe pampu mtoni, usitupe kopo mtoni, wala usiache maji ya josho yatiririkie mtoni. Na yule anayetia sumu majini makusudi ili aokote samaki, huyo anawalisha watoto wake sumu, na anawanywesha watu wa chini sumu hiyo hiyo.

La pili ni udongo. Trauti jike huchimba shimo katika changarawe safi na kutaga mayai humo. Mayai hayo yanahitaji maji yenye hewa yapite kati ya mawe siku zote. Udongo wa shamba ukishuka na mvua hujaza nafasi zile kama mtu azibaye ufa kwa matope. Mayai hukosa hewa, wadudu hukosa nyumba. Na udongo huo ni wako! Ni ule ulioununulia mbolea. Anayelima mpaka ukingoni apate mistari miwili zaidi ya viazi, mwisho hupoteza mistari minne. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo uachwe bila kulimwa, mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi, kwa kadiri ya upana wa mto. Muulize ofisa wa maji wa kwenu kipimo cha mto wako ni kipi, kisha utie alama.

La tatu ni joto. Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakizidi digrii 20 huanza kutaabika, na yakikaribia 25 wengi hufa. Miti ya ukingoni ndiyo mwavuli wake. Majani yanayoanguka ndiyo chakula cha wadudu wengi niliowataja. Panda miti ya kienyeji na mianzi. Mikaratusi ipande mbali, kwa kuwa hunywa maji mengi mno.

Sasa waona, ndugu, kwa nini nilisema nzi huyu ni mwalimu. Tumeanza na uzi na ndoana, tukajikuta tunazungumza juu ya josho, viazi na miti.

VIFAA

Vifaa vya kununua ni vichache: ndoana za namba 12 au 14 (kumbuka kwamba namba ikizidi, ndoana inakuwa ndogo), shanga za shaba zenye upana wa milimita 3 hivi, uzi mwembamba ulio imara wa rangi ya kahawia au nyeusi, na waya wa shaba mwembamba kama unywele mnene. Waya huo waweza kupatikana katika mota mbovu ya umeme. Usitumie risasi kwa kuongeza uzito, maana ni sumu.

Vingine viko nyumbani. Manyoya ya sungura wa kufugwa ni mazuri kuliko yote. Sufi ya kondoo, ikichanganywa nyeusi na ya kahawia, ni nzuri pia. Mkia tutautoa katika unyoya wa jogoo. Usiue ndege wa porini kwa ajili ya manyoya. Sheria haikuruhusu, na jogoo wako anatosha.

Mafundi hushika ndoana kwa jiliwa dogo. Kama huna, chukua koleo yenye mdomo mwembamba, funga mikono yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili ibane yenyewe, kisha iimarishe mezani kati ya mbao mbili. Uwe pia na mkasi mkali, sindano, na rangi ya kucha isiyo na rangi kwa kuimarisha fundo. Kaa karibu na dirisha. Taa hafifu huharibu macho na nzi pia.

JINSI YA KUFUNGA

1. Bonyeza kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Samaki mdogo atatoka bila kuumia, na kidole chako pia, siku itakapochomwa.

2. Tazama ushanga. Tundu lake moja ni dogo na la pili ni pana. Ingiza ncha ya ndoana katika tundu dogo kwanza, usukume ushanga mpaka usimame kwenye jicho la ndoana. Ukiugeuza, jicho litapenya katika tundu pana na ushanga utakuponyoka.

3. Bana ndoana mahali inapopinda, uti wake ulale sawa kama boriti.

4. Anza uzi nyuma ya ushanga. Zungusha mara kadhaa mahali pamoja ili kuwe na nundu ndogo ya kuuzuia ushanga usirudi nyuma. Kisha zungusha kuelekea nyuma, uzi ukilala ubavuni mwa uzi, mpaka karibu na mahali ndoana inapoanza kupinda. Ukate uzi uliobaki mwanzoni.

5. Chukua nyuzi sita au nane za unyoya wa jogoo. Zipime: mkia usipite nusu ya urefu wa uti wa ndoana, au zaidi kidogo tu. Zifunge juu ya ndoana kwa mizunguko minne iliyokazwa.

6. Funga waya hapo hapo, kipande cha urefu wa kidole. Ukiache kikining'inia nyuma. Kazi yake itakuja.

7. Sasa mwili. Chambua manyoya ya sungura au sufi, uchukue kidogo. Kile unachodhani ni kidogo, kigawe mara mbili, utumie nusu. Yapake juu ya uzi na kuyasokota kwa vidole viwili, upande mmoja tu, mpaka yawe kama kamba nyembamba yenye nywele. Zungusha kamba hiyo kuelekea mbele. Nyuma iwe nyembamba, mbele inenepe, kama karoti iliyolala. Simama kabla hujafika kwenye ushanga, ukiacha nafasi ndogo.

8. Rudi kwenye waya. Uzungushe kuelekea mbele, mizunguko minne au mitano yenye nafasi kati yake, lakini kwa upande ulio kinyume na ule wa manyoya. Hivyo waya utakaza manyoya badala ya kuzama ndani yake. Utaona mdudu amepata pingili. Ufunge waya kwa uzi, kisha uukunje huku na huku mpaka ukatike. Usiukate kwa ncha ya mkasi, utaufanya butu.

9. Sokota manyoya machache tena, haya yawe magumu kidogo na yenye nywele ndefu. Zungusha mara mbili au tatu katika ile nafasi nyuma ya ushanga. Hicho ni kifua, na nywele zake ndizo miguu.

10. Piga mafundo matatu ya kitanzi nyuma ya ushanga, kaza moja moja. Kata uzi. Tia tone dogo la rangi ya kucha kwa ncha ya sindano. Likikauka, chokoachokoa kifua kwa sindano ili miguu ijitokeze.

Nzi amekwisha. Akiwa wa kwanza, hatapendeza. Usimtupe. Mweke ubavuni mwa wa kumi na utazame tofauti.

MAKOSA YA WANAOANZA

Kosa kubwa ni manyoya mengi. Mdudu wa kweli ni mwembamba, na nzi mnene kama kiwavi hazami upesi. Kosa la pili ni uzi uliolegea. Shika mwili wa nzi kwa vidole, uusukume kidogo: ukizunguka juu ya ndoana, fungua uanze upya. Kosa la tatu ni kujaza nafasi iliyo nyuma ya ushanga mapema, kisha kukosa mahali pa fundo. Na kosa la nne ni haraka. Mkono uliozoea jembe huona kazi hii ni ya watoto. Jaribu wiki mbili, kila jioni nzi wawili, utaona mkono wa jembe ukijifunza.

MTONI

Kwanza leseni. Nenda ofisi ya samaki ya kaunti, uulize leseni ni ipi, mto wako una masharti gani, samaki wa kiasi gani wanaruhusiwa na wa urefu gani. Ukiwa ndani ya mbuga ya taifa, unahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Shamba lako kufika mtoni hakukupi haki ya kuvua bila leseni, kama vile kuwa jirani wa josho hakukupi haki ya kuogesha ng'ombe bure.

Kisha simama chini ya mahali unapotaka kuvua, ukitazama maji yanakotoka. Trauti huelekeza kichwa juu ya mto, kwa hiyo ukija kwa nyuma hatakuona mapema. Mtupe nzi juu ya mto, umwache arudi na maji bila kumvuta. Mdudu wa kweli havutwi na kamba. Kufunga kipande kidogo cha sufi nyeupe kwenye mshipi, juu kidogo ya maji yanapokugusa magoti, kutakusaidia kuona: sufi ikisimama ghafla au ikizama, inua ufito. Mara nyingi ni jiwe. Mara nyingine si jiwe.

Chukua unayeruhusiwa kula, wengine warudishe ukiwa umelowesha mikono, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaolinda ngozi yake.

JE, KUNA PESA?

Swali hili najua litaulizwa kabla sijamaliza kusema. Ndiyo, pesa ipo, lakini yataka ukweli. Nchi yetu imejulikana kwa miaka mingi ng'ambo kwa nzi wanaofungwa kwa mikono ya Wakenya na kuuzwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kazi hii si ndoto. Lakini mnunuzi hataki nzi mmoja mzuri. Anataka dazani nyingi, kila mmoja akifanana na mwenzake kama mbegu za maharagwe. Kijana anayetaka kuuza na ajifunze mtindo mmoja mpaka aweze kuufunga akiwa nusu usingizini, ndipo ajifunze wa pili. Na vijana watano wakijiunga katika chama kimoja, wakanunua ndoana na shanga pamoja, watapata nafuu kuliko mmoja mmoja.

Kuna pesa nyingine pia. Mgeni anayekuja kuvua hutafuta mtu wa kumwonyesha mto, mahali pa kulala, chai na maziwa. Lakini mgeni huyo hatakuja kutazama mto wa tope. Kuhusu kuuza samaki mwenyewe uliyemvua, usifanye hivyo mpaka umeuliza ofisi ya samaki, maana leseni ya kuvua si lazima iwe leseni ya kuuza.

MANENO YA WAPINZANI

Mmoja ataniambia: "Trauti ni mgeni. Anakula viumbe wa asili wa mito yetu. Kwa nini tumlinde?" Maneno hayo yana kweli ndani yake. Trauti aliletwa, na ni mlaji mkali. Kwa sababu hiyo nasema wazi: usichukue vifaranga ukawatia katika kijito au bwawa jingine bila idhini ya ofisi ya samaki. Lakini maji safi, changarawe safi na kivuli havimfai trauti peke yake. Vinamfaa chura, vinamfaa ng'ombe wako, na vinamfaa mama achotaye maji kilomita kumi chini. Hata Nairobi hunywa maji yanayotoka upande wetu, yanayokusanywa katika mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Trauti anafika mapema kutuambia habari, kwa sababu hawezi kuvumilia uchafu tunaouvumilia sisi.

Mwingine ataniambia: "Mimi nina ekari chache na ada ya shule. Sina nafasi ya kucheza na manyoya." Ndugu yangu, sikuombi siku nzima. Naomba dakika kumi kwa mwezi. Nenda mtoni na mwanao, geuzeni mawe kumi, mhesabu wadudu, mwandike hesabu hiyo katika daftari. Mwezi ujao mrudie mahali pale pale. Hesabu ikishuka, pandeni juu ya mto mtafute sababu, mkianzia kwenye shamba lenu kabla ya kufika kwa jirani. Hayo hayahitaji ndoana wala leseni wala shilingi moja. Na mtoto akisha kuwajua wadudu wale, huna haja ya kumshurutisha ajifunze kufunga nzi. Ataomba uzi yeye mwenyewe.

Wa tatu atasema kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Huyo namjibu hivi: jembe la kukokotwa na ng'ombe nalo lilikuja, na ng'ombe wa gredi walikuja, na pareto ilikuja. Hatukuuliza walioleta ni nani tulipoona faida. Kitu huwa cha yule anayekitunza. Kama mto unapita chini ya shamba lako na wewe ndiwe unayeulinda ukingo wake, basi samaki aliye ndani yake ana haki ya kuitwa samaki wa kwenu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mto hauonekani kutoka barabarani. Uko chini ya jiwe. Basi Jumamosi hii, ng'ombe wakisha kukamuliwa na maziwa yakisha kupelekwa, vua viatu, ingia mtoni, ugeuze jiwe la kwanza.